Mwongozaji Asiyeita

Dalby, Iowa
Machi 3, 1974

Bi. Harju,

Hatujuani, kwa hiyo nianze kwa kujitaja. Naitwa Wendell Kvamme. Nafuga nguruwe na kulima mahindi hapa Dalby, nina mke na watoto wawili, na sijawahi kupanda mlima wowote mrefu kuliko ghala langu la mahindi. Septemba hii nataka kuja Idaho kuwinda wapiti, wale kulungu wakubwa wa milimani, kwa mara ya kwanza. Natafuta mwongozaji, na jina lako nimepewa na mmoja wa niliowaandikia.

Nimewaandikia wawili. Wa kwanza, Bwana Dwayne Purcell, alinijibu kwa kijitabu cha picha za rangi na barua ndefu iliyopigwa mashine, na juzi akapiga simu akazungumza na mke wangu kama vile ni shemeji yake wa siku nyingi. Anasema kwake hakuna anayerudi mikono mitupu. Wa pili, Bwana Clell Tackett, alinijibu kwa penseli nyuma ya karatasi ya kufungia misumari. Nakunakilia barua yake yote: "Nina nafasi wiki ya tatu ya Septemba. Chakula kizuri, nyumbu wa kupanda wazima. Mimi siiti. Ukitaka kujua zaidi muulize Bi. Vesta Harju, Corbel." Basi, hata salamu hakuna.

Nimezoea kwamba mtu akikupa majina ya kuulizia habari zake, anakupa ya marafiki watakaomsifu. Purcell kanipa majina tele. Huyu kanipa moja tu. Na hapa kila aliyewahi kufika huko ananiambia Septemba ndiyo wakati madume wanapogombea majike, na usipomwita dume kwa filimbi utarudi na picha za miti. Sasa mwongozaji asiyeita ni mwongozaji wa namna gani? Ana ugonjwa wa kifua?

Jambo hili ni zito kwangu kuliko linavyoonekana. Baba yangu, Orrin, alifariki Januari. Aliwahi kwenda kuwinda wapiti mara moja tu, zamani, mimi nikiwa mdogo, peke yake na bila mwongozaji. Alirudi bila nyama, na hata bunduki hakurudi nayo. Alisema imemponyoka mtoni, na nyumbani tukaifanya kichekesho cha kila Krismasi. Hakuwinda tena, hata sungura. Lakini siku zake za mwisho hospitalini alinishika mkono akasema, "Ukienda kule milimani, usiende peke yako. Tafuta mtu anayejua." Wala sikuwa nimemwambia kwamba nina nia ya kwenda. Nia niliipata hapo hapo, na nataka huyo mtu anayejua nimchague vizuri.

Niambie ukweli kuhusu Tackett, hata kama ni mchungu.

Wako kwa heshima,
Wendell Kvamme


Corbel, Idaho
Machi 14, 1974

Bwana Kvamme,

Kifua cha Clell Tackett ni kizima. Ungemsikia anavyokoroma usingeuliza. Nilipika katika kambi yake misimu mingi, kwa hiyo kasoro zake nazijua kama nguo zangu kwenye kamba. Kahawa yake kijiko kinasimama wima. Haongei kabla jua halijatoka, na likishatoka haongei sana. Nyumbu wake huwabembeleza kama watoto, na wateja wake huwahesabu pamoja na mizigo. Lakini mtu akipotea kule juu, Clell hali wala halali mpaka ampate, na hilo nitakueleza lilitoka wapi.

Purcell ni mtu wa maneno matamu. Farasi wake wana vidonda mgongoni na mahema yake yanavuja. Kuita, anaita, tena vizuri. Ukitaka pembe za kutundika ukutani nenda naye, utazipata, na mafua juu yake.

Sasa swali lako. Clell anatoa jina langu kwa kila anayemuuliza kwa sababu mimi ndiye ninayejua baya lake kubwa, na hataki mtu apande nyumbu wake kabla hajalisikia.

Mume wangu Eino alikuwa akifanya kazi naye. Katika milima hii hakuna aliyeita kama Eino. Sauti alikuwa akiianza chini, akiipandisha mpaka juu kabisa, kisha akimaliza kwa vikohozi viwili vifupi, na hata majike walidanganyika. Jioni moja alikwenda Bonde la Birika peke yake kusikiliza madume walikuwa wapi, ili kesho yake awapeleke wateja. Clell alikuwa ng'ambo ya korongo na wateja wengine. Alimsikia Eino akiita, kisha akasikia bunduki. Alishtuka. Lakini baada ya muda filimbi ikalia tena, basi akatulia. Kama Eino bado anaita, Eino yu salama. Akala chakula chake pale juu ya jiwe huku filimbi inalia, na ikaendelea kulia mpaka giza likaingia.

Kesho yake Clell ndiye aliyemkuta, chini ya msonobari, ana risasi kifuani. Theluji ilikuwa imeanguka na nyayo zote zimefutika. Kuna mtu alikuwa amenyemelea sauti ya wapiti akapiga risasi kwenye kichaka, na mtu huyo hakujulikana mpaka leo. Daktari aliniambia Eino alikufa papo hapo. Alikuwa mwema, alitaka kunipunguzia uchungu. Lakini Clell alikuwa amesikia, na akamwambia daktari mbele yangu kwamba si kweli. Eino alilala pale hana sauti ya kupiga kelele, akaomba msaada kwa filimbi, maana ndiyo kazi pekee ambayo pumzi yake ilikuwa imezoea. Na kila aliyemsikia alisikia wapiti.

Tangu siku hiyo Clell haiti. Mimi kila Septemba madume wakianza kulia kule juu nafunga dirisha la jikoni, hata kama nimeweka mikate kwenye jiko na joto linaniua. Sisikii madume. Namsikia Eino anaita na hakuna anayekwenda.

Umetaka ukweli mchungu, huo umeupata. Kama bado unamtaka Clell, niandikie una vifaa gani. Watu wa tambarare huja huku na viatu vya kanisani.

Vesta Harju


Dalby, Iowa
Aprili 2, 1974

Bi. Harju,

Barua yako nilimsomea mke wangu, Marlys, na tulipomaliza hakuna aliyetaka kula. Nasikitika kwa ajili ya mumeo. Ningependa kusema kitu kizuri zaidi ya hicho lakini sina.

Nimemwandikia Bwana Tackett kwamba namchagua yeye. Mtu anayetanguliza kosa lake ndiye ninayetaka anishikie hatamu za nyumbu. Purcell nimemwambia hapana, naye kapiga simu tena kumlalamikia Marlys.

Kuhusu vifaa: viatu vya kanisani nitaviacha. Nina buti nzuri za ngozi, koti la sufu, na bunduki ya babu yangu, nzee lakini inapiga penye shabaha. Baba hakuacha bunduki kama nilivyokueleza. Kitu pekee alichorudi nacho safari ile ni filimbi ya mwanzi ya kuitia wapiti, ambayo aliiweka kwenye kopo la kahawa juu ya rafu ya dawa za nguruwe. Imepasuka kidogo na imezungushiwa waya wa shaba, na karibu na mdomo kuna kisamaki kimechorwa kwa kitu cha moto. Najua Bwana Tackett haiti. Je, nikija nayo atakasirika? Ningependa niwe nayo mfukoni tu, kwa ajili ya baba.

Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha sana utotoni. Kila Septemba, jioni, alikuwa akienda nyuma ya banda la nguruwe na kupuliza filimbi hiyo. Mara tatu, halafu anakaa kimya muda mrefu akitazama mahindi, halafu tena mara tatu. Alipuliza vibaya. Pumzi ilimwishia njiani, na nguruwe wote waliinua vichwa. Dada yangu alikuwa akimwigiza mezani. Mama alitukataza, akasema, "Mwacheni, anangoja jibu." Tukacheka zaidi, kwa sababu Iowa hakuna wapiti.

Tafadhali nijibu kuhusu filimbi.

Wako,
Wendell Kvamme


Corbel
Aprili 11, 1974

Clell,

Soma hii ukiwa umekaa, na uweke hiyo pombe mbali.

Nimekutilia barua ya yule mkulima wa Iowa ndani. Soma anavyoeleza filimbi. Waya wa shaba niliuzungusha mimi, Eino alipoikalia kanisani ikapasuka. Kisamaki nilikichora mimi kwa msumari wa moto, na Eino akaniambia kinafanana na kiatu. Tuliitafuta filimbi ile pale bondeni mpaka theluji ilipoyeyuka, na wewe ukasema panya wa mlimani kaibeba.

Hakuibeba panya. Mtu alimpiga risasi mume wangu, akaja akamkuta hai, anapuliza, anaomba msaada, akamnyang'anya filimbi mkononi ili anyamaze. Kisha akaenda nayo kwao akaiweka kwenye kopo. Akalea watoto, akafuga nguruwe, na kila Septemba akawa anaichezea watoto wacheke.

Miaka hii yote nilidhani nimeshaona chini ya kisima hiki. Kumbe kina chini nyingine.

Mwandikie huyo kijana asije. Au mwache aje nimwone uso. Sijui nataka lipi. Nimemchukia mtu ambaye hajanifanyia lolote, na barua zake ni za adabu, jambo linalonikera zaidi.

Vesta


Corbel, barabara ya juu
Aprili 29, 1974

Vesta,

Nimekaa. Pombe niliiacha tangu Jumapili.

Mimi si mwandishi. Nimeisoma barua ya kijana mpaka karatasi imelegea. Filimbi ni ya Eino, hilo halina ubishi. Lakini mengine uliyoandika ngoja kwanza.

Anasema baba yake alipuliza mara tatu, kimya, mara tatu. Hakuna wapiti anayeita hivyo. Eino naye hakuita hivyo maisha yake yote, alikuwa anatucheka sisi tunaohesabu. Sikukuambia hili siku zile kwa sababu lilionekana dogo: jioni ile, baada ya bunduki, filimbi ililia kwa tatu tatu. Na mwisho haukuwa na vikohozi. Nilidhani ni maumivu.

Jambo jingine. Nilipomkuta, kofia yake ilikuwa imemfunika uso. Nikasema upepo. Upepo gani unamvika mtu kofia usoni sawasawa vile?

Sitaki kukupa tumaini ambalo baadaye nitalichukua. Nataka nimsikie kijana akipuliza kama baba yake. Mwache aje.

Clell


Dalby, Iowa
Mei 20, 1974

Bi. Harju,

Hukunijibu. Mwanzoni nilidhani ni posta, kisha kazi za masika. Juzi nikiwa nasafisha banda nilitulia ghafla na fagio mkononi, nikarudi ndani kuisoma barua yako tena.

Hukuniambia ni mwaka gani mumeo alikufa, wala mimi sikukuambia baba alisafiri mwaka gani, kwa sababu sikuujua. Nimemuuliza mama. Kwanza alisema hakumbuki, na mama yangu anakumbuka kila nguruwe aliyewahi kuugua. Nilipomwonyesha barua yako alikaa kitandani akashika kichwa. Ilikuwa Septemba 1951. Anasema baba alirudi kabla ya siku yake, na sauti hana kabisa. Wiki nzima alinong'ona. Mama alidhani ni baridi ya mlimani, akamkanda kifua kwa mafuta ya kafuri, naye akalia kama mtoto huku anakandwa. Hakumweleza kitu. Mama hakuuliza tena, na ananiambia aliogopa jibu.

Tafadhali niambie Eino alikufa mwaka gani. Kama siyo huo, nitakuomba radhi kwa kukusumbua na nitacheka peke yangu. Nakuomba usininyamazie. Nalala na kopo lile la kahawa chumba cha pili na naliogopa kama lina nyoka.

Wendell Kvamme


Corbel, Idaho
Juni 3, 1974

Wendell,

Ni 1951.

Filimbi ni ya mume wangu. Waya na samaki ni kazi ya mikono yangu. Nilijua tangu Aprili na nilikunyamazia kwa sababu kila jibu lililokuja lilikuwa na tusi ndani yake. Nimekuchukia majira yote ya masika, nimepanda vitunguu huku nakuchukia, na sasa umeandika kuhusu mafuta ya kafuri, chuki yenyewe imepungua nguvu na sijui niiweke wapi.

Ninachoamini ni kwamba baba yako alimnyang'anya Eino filimbi wakati akiomba msaada. Clell haamini hivyo. Ana jambo lake ambalo kaninong'oneza nusu, nusu nyingine hataki kuitoa mpaka akusikie ukipuliza pale Birika kama baba yako alivyopuliza nyuma ya banda. Sijamuuliza zaidi. Nikitumaini na ikawa siyo, nitavunjika, na mimi si msichana.

Sasa chagua upya. Uliponiuliza kuhusu mwongozaji hukujua unaulizia nini. Purcell yupo, na atakupokea kwa shangwe. Atakupeleka mahali pengine kabisa, atakuitia dume, utarudi Iowa na pembe na hutalazimika kujua lolote. Hakuna atakayekulaumu, hata mimi. Ukija kwa Clell, atakupeleka pale pale, na yatakayojulikana yatakuwa yako maisha yako yote.

Kama unakuja, njoo na filimbi. Lakini usitegemee kulala nyumbani kwangu, na pai ya matunda ya porini ninayowapa wateja wa Clell usiitegemee pia. Utalala hemani karibu na nyumbu.

Vesta Harju


Dalby, Iowa
Juni 15, 1974

Bi. Harju,

Nakuja kwa Tackett.

Marlys hataki. Amesema, "Marehemu mwache alale." Nimemwambia baba hakuwa amelala hata alipokuwa hai.

Nitalala na nyumbu.

Wendell


Kambini, Birika
Septemba 22, 1974

Vesta,

Nampa mpishi barua hii ashuke nayo. Hutaki kungoja mpaka tushuke, na mimi sitaki kukwambia mbele ya watu.

Kijana anajua wanyama. Nyumbu mwenye hasira, yule wa kahawia, anamfuata kama mbwa. Tulipanda njia nzima hatukusema la maana. Alipika kahawa asubuhi ikawa nyepesi, nikainywa.

Jana alasiri nilimpeleka bondeni nikamwonyesha msonobari. Alivua kofia. Nilimwambia abaki hapo, mimi nivuke korongo nikae pale nilipokaa siku ile, na jua likigusa mgongo wa mlima apulize kama baba yake. Asipulize vizuri zaidi wala vibaya zaidi. Akaniuliza kama ana ruhusa ya kuogopa. Nikamwambia hata mimi naogopa.

Jiwe lile bado lipo. Nilikaa. Nilikuwa na mkate mfukoni, nikagundua nimeushika mkononi, nikautupa.

Akapuliza.

Vesta, ndiyo hiyo. Mara tatu, kimya, mara tatu. Pumzi inakatika kabla ya kufika juu, na mwisho wake mtupu. Ndiyo niliyoisikia jioni ile, na haikuwa ya Eino hata mara moja. Eino hata angekuwa anakata roho asingepuliza vibaya namna ile. Nadhani masikio yangu yalijua siku ile ile, na mimi nikayakatalia.

Daktari alisema kweli. Mimi ndiye niliyembishia. Eino alianguka akafa, hakuita, hakungoja mtu. Alikufa akiwa kazini, anadhani kesho atawapatia wateja dume.

Yule mtu alikuja kuona nyama yake akamkuta Eino. Bunduki nadhani aliitupa kwenye ziwa dogo pale chini, maana mimi ningeitupa. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na korongo lile halipitishi sauti ya mtu, wewe unajua. Kisha akaiona filimbi kwenye majani. Mahali fulani aliwahi kusikia kwamba ishara ya kuomba msaada ni tatu. Hakuwa na mtu wa kumwambia ni risasi tatu, na kwamba filimbi ile huku hakuna binadamu anayeifuata ila mwenye bunduki. Akaomba msaada kwa sauti ya wapiti mpaka giza likaingia. Halafu akamfunika Eino uso kwa kofia, akaondoka.

Nilivuka nikarudi. Kijana alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mti. Akasema, "Baba alikuwa anaita watu."

Nikamwambia, "Alikuwa ananiita mimi. Hapakuwa na mwingine wa karibu."

Alinishika bega, na mimi sikumzuia.

Kuna jambo moja, na usinicheke. Tulipokuwa tunakaza matandiko, kitu kililia juu kwenye misonobari. Kilianza chini, kikapanda, kikamaliza kwa vikohozi viwili. Nyumbu wote walisimamisha masikio. Kijana akanitazama, nikatazama pengine. Bunduki ilikuwa kwenye tandiko lake na hakuna aliyeigusa. Pengine ni dume tu. Mwaka huu wapo wengi.

Hatutawinda tena msimu huu. Kijana mwenyewe kasema, na nimempenda kwa hilo.

Clell


Corbel, Idaho
Oktoba 6, 1974

Wendell,

Clell aliniletea filimbi imefungwa kwenye soksi yako safi. Amesema ulipita na gari mbele ya lango langu, ukapunguza mwendo, ukaenda. Ameniambia uliona haya. Nami nakwambia kwamba baba yako naye, mwaka ule, lazima alipita njia hii hii, maana nyingine hakuna, na taa ya jikoni kwangu ilikuwa inawaka. Hakubisha hodi. Hilo ndilo ninalomlaumu, na sijamsamehe, na pengine sitamsamehe. Kumpiga Eino ilikuwa ajali ya mtu mjinga aliyekuja mlimani bila mwongozaji. Kunipita mlangoni, aliamua. Wewe tabia hiyo usiirithi. Mwakani ukija, bisha hodi.

Maana utakuja. Umerudi bila nyama kama yeye, na mimi sitaki familia yenu iwe inarudi hivyo kila mara. Omba leseni mapema. Clell anasema atakutafutia dume kwa miguu na kwa macho, bila kuita, na itachukua siku nyingi na utamchukia. Pai utaipata.

Sasa nikuambie lililobaki.

Miaka yote hii nilikuwa na mume mlimani anayeita na haendewi. Nilikuwa naosha vyombo namsikia. Nilikuwa kanisani namsikia. Sasa nimeambiwa hakuita hata mara moja, na ungedhani nitalala usingizi mnono. Usiku wa kwanza nililia kwa furaha, nakuambia bila aibu. Lakini Septemba haikuwa imekwisha, na madume walipolia niliinuka kwenda kufunga dirisha kama kawaida, nikasimama na mkono kwenye komeo. Bado nilisikia mtu anaita. Si Eino. Ni mtu nisiyemjua, kijana wa tambarare, sauti imemkauka, amepiga magoti karibu na mume wangu, anamwombea msaada kwa kitu pekee alichonacho. Hakuendewa naye. Akaenda kwao, akasimama nyuma ya banda la nguruwe mpaka akazeeka, anaita na kungoja, na watoto wake wanacheka.

Mama yako alisema kweli. Alikuwa anangoja jibu, na katika dunia nzima jibu hilo lilikuwa na watu wawili tu wa kulitoa. Clell hapulizi.

Jana jioni nilivaa koti la Eino nikatoka uani. Majirani wataongea, waongee. Sijawahi kupuliza kitu hicho maisha yangu, nilikitengeneza tu. Nilipuliza mara tatu kuelekea mashariki, kwenu. Ilitoka vibaya, na pumzi ilinikatika kabla ya kufika juu, kama yeye.

Kisha nikaingia ndani nikaanza kuosha vyombo. Dirisha sikulifunga.

Vesta